Samli Kutoka Belobaka

Kama yupo mwanamke aliyewahi kuikimbia harusi yake mwenyewe huku akimpenda bwana harusi mpaka usingizi unamkataa, basi ni Kouraichia binti Ahamada, nesi wa idara ya dharura, Mkomoro mzaliwa wa mtaa wa Tsaramandroso pale Mahajanga, Madagaska. Na kama kuna mahali pabaya pa kukimbilia, basi ni Nosy Be, kisiwa ambacho wageni wanavuka bahari kuja kula fungate zao. Kila alipokwenda sokoni Hell-Ville alipishana na watu wawiliwawili, wameshikana mikono, wamebabuka kwa jua, wanacheka bila sababu. Yeye alikuwa na kikapu chake na siri yake.

Asubuhi hiyo ya Jumatano ilikuwa siku ya ishirini na moja ya vidonge. Aliamka kichwa kinazunguka, akashika ukuta mpaka chumba kikatulia. Alikuwa ameota tena. Wiki mbili sasa hapakupita usiku bila ndoto, na ndoto zenyewe zilikuwa za kutisha, za rangi kali, za kuamka moyo unadunda na shuka imelowa. Alikuwa amekwisha kuamini kwamba akili inamtoka, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Siri yenyewe ilianza kwa sindano. Gari la abiria lilipinduka barabara ya Belobaka, majeruhi kumi na mmoja wakaletwa kwa mpigo, na Kouraichia akawa anamshona mwanamke mmoja paji la uso. Mwanamke akashtuka kwa maumivu, sindano ikateleza, ikapenya glovu, ikamchoma nesi kidole gumba. Damu yenyewe tone moja, hata mbu asingeshiba. Lakini mwanamke yule alipopimwa alikutwa na virusi vya ukimwi, na kabla saa mbili hazijapita daktari alikuwa amekwisha kumwekea Kouraichia vidonge mkononi.

“Siku ishirini na nane, usiruke hata moja,” daktari alimwambia. “Vimewakinga wengi, kwa hiyo usianze kujizika. Hiki cha njano ni cha kulalia, usikimeze pamoja na vyakula vya mafuta. Na mpaka kipimo cha mwezi wa tatu, kama unaye mwenzio, tumieni kondomu.”

Mwenzio! Harusi ilikuwa imebakiza siku kumi na sita.

Kouraichia si mjinga wa ugonjwa huu. Alijua jinsi unavyoambukiza na jinsi usivyoambukiza, aliwafundisha hata wanafunzi. Lakini alimjua pia Mbaé, nesi mwenzake, aliyechomwa sindano mwaka uliotangulia. Mbaé alimeza vidonge vyake, akapimwa mara tatu, akakutwa mzima. Lakini habari zilikuwa zimekwisha kutoka, na mpaka leo kwenye mkahawa wa mtaani kwao amewekewa kikombe chake peke yake, kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio. Kouraichia alikiwaza kikombe kile usiku kucha. Kulipokucha aliwaambia mama yake na mchumba wake kwamba Mama Roukia, dada mkubwa wa mama yake, anaumwa sana kule Nosy Be, lazima aende kumuuguza, na harusi ingoje. Mpaka lini, hakusema.

Mchumba naye, tumseme kidogo. Mdahoma hakujaliwa maneno. Alifanya kazi kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa Belobaka, na kazi yake ilikuwa kuchagua dume lipi limpande jike lipi. Ng'ombe wa kienyeji, alizoea kusema, anakupa kikombe tu lakini kimejaa mafuta. Wa Kizungu anakujazia ndoo, nayo nyepesi. Mdahoma alitaka kuzalisha chotara wa kujaza ndoo na mafuta yasipungue. Kwa hiyo kila wiki alipima maziwa ya kila jike kwa vibomba vya kioo na tindikali, na siku moja kibomba kimoja kikampasukia mkononi. Ndivyo alivyofika idara ya dharura, na ndivyo Kouraichia alivyoushika mkono ule chini ya bomba la maji kwa nusu saa nzima. Nusu saa ni ndefu kwa watu wawili wasiojuana. Mwisho wake walikuwa wanajuana.

Mtu wa namna hiyo akiambiwa mama mkwe mkubwa anaumwa, hutuma samli. Kopo la kwanza lilifika kwa mkono wa dereva, na kikaratasi: “Kwa mgonjwa. Maziwa ya ng'ombe Malandy, uzao wa kwanza. Mafuta 5.2.” Wiki iliyofuata likaja la pili: “5.3.” Basi. Si mpenzi wangu, si nimekukumbuka. Kouraichia alivisoma vikaratasi vile mpaka vikachakaa, akalia juu ya ile pointi tatu kama wenzake wanavyolilia mashairi.

Mama Roukia, mgonjwa wa watu, alikuwa mzima wa kupasua kuni. Alilipokea kopo, akalinusa, akamtazama mpwawe. “Samli ni ya mgonjwa,” alisema, “na aliyekonda humu ndani ni wewe.” Tangu siku hiyo kila jioni uji wa mchele uliletwa na vijiko viwili vya samli juu, na mama alisimama mlangoni mpaka bakuli liishe. Hakuuliza kitu. Alikuwa na hakika ni mambo ya mapenzi, na hakukosea sana.

Saa nne za asubuhi hiyo ya Jumatano mlango wa uani uligongwa.

“Hodi.”

Kouraichia alikuwa anapanga vitumbua kwenye sahani. Aliijua sauti kabla ya kumwona mtu. Mdahoma alisimama pale, vumbi la safari ya kutwa na kucha mpaka kwenye kope, kofia mkononi. Nyuma yake, uani, Mama Roukia alikuwa ameinua shoka juu ya kichwa. Lilishuka, gogo likapasuka vipande viwili. Mdahoma aligeuka, akalitazama shoka, akamtazama mama, akamwamkia kwa heshima zote.

“Pole kwa ugonjwa, bweni,” alisema, kama Wakomoro wanavyomwita mama wa heshima.

“Ugonjwa upi?” alijibu Mama Roukia. “Kaa ule, baba. Mlango uachwe wazi, mimi niko hapa hapa.” Akachukua gogo jingine.

Wakaketi, meza katikati, kila mmoja anautazama uso wa mwenzake na kuukwepa. Walizungumza Kimalagasi, kama walivyozoea barabarani na kazini. Kikomoro cha nyumbani waliwawekea wazee na mambo mazito.

“Umekonda,” alisema Mdahoma.

“Na wewe umekuja bila taarifa.”

“Ningetoa taarifa ningekukuta? Kouraichia, mimi nina mpaka saa nane. Mashua ya kurudi bara ni saa nane, na kesho jioni lazima niwe Mahajanga. Mjomba Youssoufa aliyekuja toka Moroni kwa ajili ya harusi anarudi Jumamosi. Mama amechoka kungoja. Amesema bibi harusi anayekimbia ana tumbo la mtu mwingine.”

“Na wewe umesema nini?”

“Nimesema si kweli.”

“Unajuaje?”

“Sijui,” alisema Mdahoma. “Nimesema tu. Ndiyo maana nimekuja. Ijumaa baada ya sala mama na mjomba wanakwenda kwa akina Rabiata kumposa. Nikirudi na jibu lako, hawaendi. Nikirudi mikono mitupu…”

Rabiata! Msichana mzuri, mpole, jirani. Kouraichia hakuwa na hata la kumchukia. Alijisikia kama amekaa nje ya nyumba iliyowashwa taa, anawatazama watu wakila.

“Kama huna haja nami, sema,” Mdahoma aliendelea. “Nitaondoka kwa miguu yangu. Lakini usiniambie habari ya mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe anapasua magogo.”

“Nina haja nawe! Mungu wangu, Mdahoma, nina haja nawe mpaka nimekuwa mwendawazimu!” Akahamia Kikomoro bila kujijua, na kwa Kikomoro akamwambia yote. Gari lililopinduka, glovu, sindano. Kidole gumba. Vidonge ishirini vya njano vilivyokwisha kumezwa na vinane vilivyobaki. Kipimo cha kwanza kilikuwa safi, lakini kipimo cha kwanza hakisemi neno. Cha kuaminika ni cha mwezi wa tatu. Alisema kama anavyotoa taarifa ya zamu, macho kwenye sahani, na alipofika kwenye kondomu aliitaja kama nesi anavyoitaja, ila masikio yalimwaka moto.

Alipomaliza aliinua uso. Mkono wa Mdahoma ulikuwa umenyooshwa kwenye sahani ya vitumbua, ile sahani moja waliyokuwa wakila wote. Ulikuwa umesimama angani. Kisha ukarudi, pole pole, ukaingia chini ya meza.

Uani shoka lilishuka mara mbili.

“Nimeuona,” alisema Kouraichia.

“Umeona nini?”

“Mkono wako.”

“Kouraichia, mkono huu haukuniuliza. Wallahi haukuniuliza.” Akauchomoa, akakichukua kitumbua alichokuwa amekiuma mwenzake, akakitia chote kinywani. Akatafuna kwa nguvu, macho yamemtoka.

“Acha! Usile kwa ajili ya kunionyesha! Mimi si dawa chungu ya kuzibiwa pua!” Aliisukuma sahani, vitumbua vikabingirika. “Hicho ndicho nilichokimbia. Si sindano. Wewe unajua, umesoma, una akili, na mkono wako ukarudi. Sasa mama yako atafanyaje? Tsaramandroso itafanyaje? Siku ishirini na moja nimekula peke yangu na kulala peke yangu ili nisiuone mkono wa mtu ukirudi, na wa kwanza kurudi ni wako!”

Mdahoma alikimeza kitumbua, kikamkaba, akakohoa. Machozi yaliyomtoka, ya kukabwa na ya uchungu, hakuyafuta.

“Niliogopa,” alisema. “Nusu dakika. Sitakudanganya kwamba sikuogopa. Lakini nipo.”

Kouraichia alikuwa ameshika meza. Chumba kilikuwa kinazunguka tena.

“Una nini?”

“Kizunguzungu. Kila siku. Na ndoto, Mdahoma, ndoto za kichaa. Nadhani ugonjwa umekwisha kunipanda kichwani.”

“Nionyeshe hivyo vidonge.”

Alivileta, kwa kuwa hakuwa tena na nguvu ya kuficha. Mdahoma alikikunjua kile kikaratasi chembamba cha ndani ya boksi, kilichoandikwa Kifaransa kwa herufi za kuumiza macho, akakisoma kama anavyosoma vibomba vyake, kidole kikifuata mstari. Alifika mahali akasimama. Akarudia.

“Cha njano unakimeza lini?”

“Jioni. Nikimaliza uji.”

“Uji na nini?”

“Na samli yako. Vijiko viwili. Mama Roukia hanibandui mpaka nimalize bakuli.”

Mdahoma alikiweka kikaratasi mezani taratibu. “Hapa pameandikwa kimezwe tumbo likiwa tupu. Kikimezwa na mafuta, dawa inaingia kwenye damu kupita kiasi, mtu anapata kizunguzungu na ndoto mbaya. Hukuambiwa?”

“Niliambiwa nisile vyakula vya mafuta! Nikaacha sambusa, nikaacha samaki wa kukaanga, hata vitumbua nala asubuhi tu.”

“Na samli?”

“Samli ni…” Kouraichia alianza. Samli ni nini? Kwao samli ilipewa mzazi, ikapewa mtoto anayeota meno, ikapewa mtu aliyetoka homa. Tangu azaliwe hakuwahi kusikia mtu akiiweka samli fungu moja na mafuta ya sambusa. “Samli ni maziwa,” alisema kwa sauti ndogo.

“Ni mafuta matupu, mpenzi. Mimi ndiye niliyeyapima.”

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mpenzi, na wala mwenyewe hakusikia. Kouraichia alisikia. Alitazama makopo mawili kwenye rafu, akatazama yule mwanamume aliyesaka mafuta miaka sita, ng'ombe kwa ng'ombe, na alipoyapata akamtumia yeye yamtie wazimu, na kicheko kikamtoka ghafla, kikamshinda, kikampeleka mpaka kichwa juu ya meza. Mdahoma naye akacheka. Mama Roukia alichungulia mlangoni, akaona wanacheka na kulia, akarudi kwenye kuni zake.

“Sikiliza,” alisema Mdahoma walipotulia. “Nitamwambia mama una homa ya manjano. Nitamwambia daktari kakataza harusi miezi miwili.”

“Na huo uongo tutaulisha nini miezi miwili? Mimi wangu wa siku ishirini na moja umenimaliza.”

“Basi nikah ifungwe Ijumaa, mjomba yupo. Kuingia nyumbani kwako kama mume tuache mpaka kipimo. Wako wengi wanafanya hivyo.”

“Na kipimo kikisema vingine?”

Hapo ndipo mwanamume mwingine angeapa. Mdahoma alifikiri. “Daktari amesema huenda kisiseme vingine. Kikisema, sijui nitakuwaje. Ninajua tu kwamba nitakuja, na huenda nikaja ninaogopa.”

Viapo Kouraichia alikwisha kuvisikia vingi pale idara ya dharura, waume wakiapa mlangoni kisha hawaonekani siku ya kutoka mgonjwa. Jibu hili alilisadiki. Na alipolisadiki aliona wazi kitu kingine: kama Mdahoma atarudi na siri bila ruhusa ya kuitoa, Ijumaa itamkuta hana la kumzuia mama yake. Ama siri itoke, ama mwanamume aende. Vyote viwili havikai kifuani pamoja.

“Nipe simu,” alisema.

“Unampigia nani?”

“Mama yako.”

“Kouraichia, ngoja mimi…”

“Ukimwambia wewe, nitakuwa maneno ya watu. Nikimwambia mimi, nitakuwa mimi.”

Simu iliita mara nne. Bi Fatoumia alipokea kwa sauti ya kuamrisha, akidhani ni mwanawe. Kouraichia alimwamkia. Hakungoja ruhusa, alianza na ile ajali na hakuacha mpaka kipimo cha mwezi wa tatu.

“Mimba?” Bi Fatoumia aliuliza mwishoni.

“Hakuna mimba, mama. Sindano tu.”

“Nani anajua?”

“Mwanao. Na sasa wewe.”

Kwa mbali, huko Tsaramandroso, jogoo aliwika na mtu alikuwa anasugua sufuria. Kouraichia alikuwa amejiandaa kwa matusi.

“Huyo mwanamke uliyekuwa unamshona,” Bi Fatoumia alisema, “alipona?”

“Alipona. Alirudi kwake kwa miguu.”

“Mpe mwanangu simu.”

Mdahoma alitoka nayo uani. Kouraichia aliona mgongo wake tu, unaitikia. Ndiyo, mama. Ndiyo. La, mama. Ndiyo. Aliporudi alikuwa ameivaa kofia.

“Kasema nini?”

“Kasema niiwahi mashua.”

Ikawa kama mtu amezima taa. Kouraichia alimsindikiza mpaka gatini, kwa kuwa ndiyo heshima ya mgeni, na njia nzima hakuna aliyesema. Gatini nahodha alikuwa anapiga kelele, abiria wanakabidhiana vifurushi na kuku. Mdahoma alitia mguu mmoja mashuani, akauacha mwingine nchi kavu.

“Nilikuwa natafuta namna ya kulisema,” alisema. “Unanijua maneno yananishinda. Ijumaa mama haendi kwa akina Rabiata. Yeye na mjomba wanakwenda kwa mama yako, nikah ifungwe kwa wakili atakayesimama badala yako, kipimo kitungojee mbele. Alilia, Kouraichia. Sijawahi kumsikia mama analia. Na amesema vidonge uvimalize hapa hapa, usikatishe. Halafu ukifika Mahajanga, usipitie kwenu.”

“Nisipitie kwetu? Niende wapi?”

“Ushukie kwake. Mchana. Uje kwa miguu toka kituoni, upite mtaa mzima, na yeye atakuja kukupokea njiani akushike mkono, watu wakiona.”

“Bwana, unapanda au hupandi?” nahodha alifoka.

Alipanda. Mashua ikang'oka, na Kouraichia akabaki pale ukingoni. Siku saba nyingine peke yake. Miezi miwili na zaidi ya kuhesabu. Wageni wawili walipita nyuma yake wameshikana mikono, hakuwageukia. Kofia ya Mdahoma ilikuwa doa tu majini.

“Nitakuja!” alipiga ukelele. “Nitakuja!”

Muuza ndizi wa gatini aliinua kichwa. “Unakwenda wapi, mwanangu? Mashua imekwisha ondoka.”

“Kwa mama mkwe wangu,” Kouraichia alimjibu, na machozi yalimtiririka mbele ya gati nzima wala hakuinua kanga kuyaficha. “Mchana.”